Nyumba Inasettle, Mwenyewe Bado

Asanteni nyote mlionipigia simu kuuliza kama mbuzi walipatikana. Walipatikana, wote watatu. Wiki jana mliniacha nikiwakimbiza katikati ya soko la Mutomo na suti ya kukodi, na kumbe wenyewe walikuwa wametulia zamani katika bustani ya mke wa pasta. Niliwakuta wameshiba. Maua hayakuwepo tena.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Musyimi. Nina duka la vipuri vya pikipiki pale Mtito Andei, na ninamtaka Nthenya binti Nyamai kwa moyo wangu wote. Mbuzi hao ni wa ntheo. Kwetu Ukambani, mwanamume asiyepeleka mbuzi wa ntheo hana mke, hata wakizaa watoto wa kujaza timu ya mpira.

Mzee Nyamai, baba yake Nthenya, alinitazama nikitoka bustanini na mbuzi mmoja begani, wawili wakiniburura. Hakucheka. Yeye ni mzee wa kanisa, na hucheka Krismasi kwa Krismasi.

“Mbuzi nitapokea,” akasema. “Lakini kijana mbuzi wanamtoroka namna hii, hiyo nyumba yake nitaenda kuona na macho yangu. Nikipata iko sawa, msichana ni wako. Nikipata iko na kasoro, utarudi kwenu na mbuzi zako.”

“Vai thina, mzee,” nikamjibu. Hakuna shida.

Nilijibu hivyo kwa kiburi, kwa maana nyumba yangu ya Kalamba ndiyo kitu pekee ambacho sijawahi kukionea haya. Ni ya mawe, mabati ya kijani, grili kila dirisha. Niliijenga polepole miaka ile wenzangu walipokuwa wakioa. Nilipofika kwenye gari la kurudi ndipo nilipokumbuka, na jasho likanitoka.

Nyumba yangu ilikuwa inagonga.

Ilianza baada ya mvua kubwa. Umeketi sebuleni na chai yako, unasikia ko, ko, ko, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Unaitikia karibu. Hakuna mtu. Ukirudi kwa chai yako, krrrr, kitu kinaburuzwa ndani ya ukuta. Halafu paa! Vikombe vinaruka kabatini.

Nilimwita Kyule, fundi aliyeijenga. Kyule akaupiga ukuta makofi mawili matatu, jinsi mnunuzi anavyompiga ng'ombe sokoni, akatega sikio.

“Boss, hii nyumba inasettle.”

“Inafanya nini?”

“Inasettle. Nyumba mpya ni kama bibi mpya. Lazima igeuke-geuke ndio ijue italala vipi.”

“Na itamaliza lini?”

“Hiyo uliza nyumba. Mimi nilijenga tu.”

Nikamwambia shangazi yangu, Syokau, tunayekaa naye boma moja. Shangazi alicheka hadi akashika kiuno.

“Nyumba itasettle aje na mwenyewe hajasettle? Hao ni aimu wa kwetu, wazee waliokufa. Wanagonga wakiuliza bibi ako wapi.”

Majirani wao hawakutaka habari za aimu. Waliamua kwamba nilishuka Mombasa nikanunua majini. Mpira wa watoto ukiingia kwangu, hakuna anayekuja kuuchukua. Sasa nina mipira minne.

Juu ya mlango wa chumba changu cha kulala kulikuwa na ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi si mtu wa kubishana na wahenga. Niliuziba, kwa kalenda ya kanisa.

Ilibaki sauti. Ni shangazi aliyepata dawa yake.

“Wageni wakija, mimi nitatwanga muthokoi,” akasema. “Mgeni gani Mkamba atasikia mchi ukilia aulize maswali? Atameza mate tu.”

Nilimkumbatia. Mwanamke ana akili huyu! Muthokoi ni mahindi ya kutwangwa hadi maganda yatoke, na mchi wake husikika hadi ng'ambo ya mto. Nikabeba kinu mwenyewe, nikakiweka nyuma ya nyumba, kando kabisa ya ukuta wa chumba cha kulala, pale pale kelele zilipokuwa zikitokea. Nilijiona mwerevu kuliko wote Makueni.

Siku ya wageni ikafika. Niliwatarajia asubuhi, wakaja jua likiwa limeanza kuinama. Alishuka Mzee Nyamai na fimbo yake. Akashuka Nthenya, akanikonyeza upande ambao baba yake haoni. Mwisho akashuka mama yake.

Sura ya mama huyo sikuijua. Kwetu kuna nthoni, ile heshima ya mtu na mama mkwe wake. Hamtazamani usoni, hamgusani, hamlali chini ya paa moja. Alikuwa amejitanda leso hadi puani, nami nikatazama kucha za miguu yangu. Mzee Nyamai ni mzee wa kanisa, lakini nthoni haijawahi kubatizwa.

Mambo yalianza vizuri kiasi cha kuniogopesha. Mzee alikagua mlango wa mbele, akakagua mabati, akafungua mfereji jikoni na maji yakatoka. Nyuma ya nyumba mchi ulikuwa ukilia, du, du, du.

“Nani huyo anatwanga?”

“Ni shangazi, mzee. Anawatwangia muthokoi.”

Mzee Nyamai akatabasamu. Nawaapia, na Krismasi ilikuwa mbali.

Tukaketi, kuku akaja, chapati zikaja. Nyumba ilisema krrrr, mchi ukasema du, hakuna aliyegeuka. Nyumba ikasema paa! Nthenya akadhani ni shangazi ameongeza bidii. Nilitaka kucheka hadi machozi yakanilengalenga, ikabidi nisingizie pilipili. Mzee alikula paja, akala la pili, akaanza bawa.

“Kijana,” akasema, “mimi sipendi maneno mingi. Nimeangalia hii nyumba yako, na naona...”

Mlango wa jikoni ukafunguka. Alikuwa shangazi Syokau, mchi begani, jasho likimtiririka.

“Musyimi, mahindi imeisha kwa kinu. Sasa nitwange nini?”

Pakawa kimya. Na katika kimya kile, kutoka chumba cha kulala, ko, ko, ko.

Mzee aliacha kutafuna. “Na huyo nani?”

“Ni shangazi, mzee.”

“Shangazi si huyu amesimama hapa?”

Nthenya alinitazama, na tabasamu lake likaanza kurudi lilikotoka.

“Kwa hicho chumba kuna nani?” Mzee akauliza.

“Hakuna mtu, mzee. Ni nyumba. Inasettle.”

“Inasettle?”

“Ndiyo.”

“Mwanaume mzima hana bibi, na chumba yake ya kulala inabisha. Halafu unaniambia inasettle.” Akaweka mfupa chini. “Nthenya, chukua kibeti yako.”

“Shangazi, twanga!” nikapiga kelele.

“Nitwange nini?”

“Twanga chochote!”

Shangazi yangu ni mtiifu, Mungu ambariki. Alirudi nyuma ya nyumba akakitwanga kinu kitupu kwa nguvu zake zote. Du! Du! Du! Sahani zikacheza mezani. Kalenda ya kanisa ikaanguka, na ule ufa niliouziba ukaonekana umekua. Ungeweza kupitisha mkono.

Nilikimbia. Niliwahi kugundua kwamba nikiegemeza godoro kwenye ukuta ule, kelele hupungua. Nikaingia chumbani, nikaubamiza mlango nyuma yangu ili mzee asione, na wakati huo huo shangazi akashusha mchi mara moja ya mwisho.

Kraaak.

Kitu kilishuka juu ya kichwa changu ndani ya ukuta, na fremu ya mlango ikaketi. Nilishika kitasa. Hakikusogea. Nikasukuma, nikavuta, nikapiga bega. Mlango ulikuwa umekuwa sehemu ya nyumba.

Nikageukia godoro, na ndipo nilipoona miguu ya mwanamke ikitokeza chini ya kitanda changu.

Nakiri mbele yenu, wakati huo niliamini majini. Niliamini aimu pia, na kila kitu ambacho nimewahi kuambiwa na mtu yeyote. Kisha miguu ikajivuta, ikaja leso, na chini ya leso akaja mama yake Nthenya. Kumbe sisi tukibishana sebuleni, yeye alikuwa ameshika njia kimya kimya kuja kumtafuta mwanamke niliyemficha.

Nilirukia ukuta wa kulia nikaubusu. Yeye akarukia wa kushoto. Tukasimama hivyo, tumepeana migongo.

“Kijana,” akauambia ukuta wake, “fungua mlango.”

“Umekataa, mwaitu.” Ndivyo tunavyomwita mama.

“Umekatazwa na nani?”

“Na nyumba.”

Nikasikia pumzi zake zinakatika-katika. Roho iliniuma, nikajua nimemliza mama wa watu. Nikasikiliza vizuri. Mama mkwe wangu alikuwa amejaza leso mdomoni, anacheka.

“Na huyo mwanamke ako wapi?” akauliza alipopata pumzi.

“Hakuna, mwaitu. Ni Nthenya tu. Tangu siku alikuja kwa duka kutafuta cheni ya pikipiki ya baba yake, mimi sijaona mwingine.”

“Basi mbona unagonga-gonga?”

“Si mimi. Ni msingi.”

Nje, Mzee Nyamai alikuwa amefika mlangoni.

“Mama Nthenya! Uko wapi?”

“Niko hapa.”

“Hapa wapi?”

“Kwa chumba ya kijana.”

“Na kijana ako wapi?”

Nami nililelewa kusema ukweli.

“Niko hapa pia, mzee.”

Nilisikia fimbo ya mzee ikianguka sakafuni, na baada ya hapo bega lake likaanza kuugonga mlango. Aliyemzuia ni Kyule, aliyekuwa kivulini nje na sahani yake ya kuku, maana karamu haimpiti Kyule.

“Mzee, wacha! Usiguse hiyo mlango!”

“Bibi yangu ako ndani na mkwe, unaniambia nisiguse?”

“Linta ya juu ya mlango imekatika. Saa hii hiyo mlango ndio imeshika ukuta. Ukivunja, ukuta yote inashuka na wao.”

“Kyule!” nikaita kutoka ndani. “Si ulisema inasettle?”

“Ndio hii imesettle, boss. Imesettle kwa mlango.”

Ukweli wote ukamtoka hapo hapo. Chini ya kona ile ya nyumba kulikuwa na udongo wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi ulisinyaa, mvua ilipokuja ukafura, na msingi ukawa unainuka na kushuka kama unga wa mandazi. Zile hodi zote zilikuwa mawe yakiachana.

“Na huyu mama naye anatwanga juu ya msingi!” Kyule akalia.

“Mimi niliambiwa nitwange chochote,” shangazi akajitetea.

Dirishani kulikuwa na grili. Nilizichomelea mwenyewe kuzuia wezi, na siku hiyo zilifanya kazi yao vizuri sana. Jua lilikuwa likishuka. Nilimsikia mzee akitembea huku na huku ukumbini, na hesabu aliyokuwa akipiga niliijua. Kama usiku utaingia mkewe akiwa humo ndani nami, hakuna ntheo ya kusafisha aibu hiyo, na Nthenya angekuwa dada yangu wa kanisani hadi kufa.

“Iko njia,” Kyule akasema. “Natoa bati moja. Mama asimame juu ya kitanda, asukumwe kutoka chini, mimi nimvute.”

“Asukumwe na nani?” mzee akauliza, ingawa ndani tulikuwa wawili tu.

Jibu alilipata mwenyewe.

“Musyimi!” akanguruma. “Sikia vizuri. Ukigusa mama mkwe wako, hata na kidole, hakuna harusi. Na ukimwangalia, hakuna harusi!”

Juu yetu misumari ikaanza kung'oka. Mwanga ukaingia, na uso wa Kyule ukatokea, bado anatafuna. Mama mkwe akapanda kitandani, akanyoosha mikono. Hakufika. Akaruka. Kitanda kikalia, ukuta ukaitikia, krrrr, na jiwe likachomoka juu ya mlango likaanguka kwenye mto wangu, pale ninapolaza kichwa.

Kicheko kilituisha sote wawili.

Nilimpenda Nthenya. Nilitaka kuwa mtoto mzuri wa Mzee Nyamai hadi siku ya kufa. Lakini ukuta uliokuwa unamwangukia mama huyu ulikuwa wangu, na aliyeamuru utwangwe ni mimi. Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

“Musyimi.” Ilikuwa sauti ya Nthenya, karibu kabisa na mlango.

“Naam.”

“Mtoe mama yangu.”

Alikuwa amemsikia baba yake kama nilivyomsikia mimi.

“Inama,” mama mkwe akauambia ukuta.

Nilifumba macho kabisa, maana angalau nusu ya nthoni ningeiokoa, nikapapasa hadi kitandani nikainama. Akavua viatu. Mguu wa kwanza ukaja begani. Wa pili ukaja kichwani, akaomba radhi, akaurudisha begani. Nikainuka. Ni mama aliyekula vizuri maishani, naye ninamshukuru Mungu kwa hilo, lakini magoti yangu hayakumshukuru.

“Unaona?” akauliza kutoka juu.

“Sioni, mwaitu. Nimefunga macho.”

“Basi wacha kunipeleka kwa ukuta! Rudi nyuma! Nyuma, kijana, si huko!”

“Nyuma yangu ama nyuma yako?”

Hapo akaanza kucheka tena, nami nikaanza, na tukayumba chumba kizima, mama mkwe mabegani, Kyule akipiga kelele “kushoto! kushoto!” kama kondakta. Nilikuwa nikicheka na machozi yakinitoka, na sikujua ni machozi ya nini. Nilijua kila hatua inanipokonya Nthenya. Kisha mabega yakawa mepesi. Kyule alikuwa amemshika.

Nilifumbua macho nikaona visigino vyake vikipotelea angani.

“Shuka sasa,” nikamsikia mzee akisema uani. “Ngazi hii hapa. Tunaenda Mutomo. Na huyo kijana atachukua mbuzi wake kesho.”

“Sishuki.”

“Unasema aje?”

“Nimesema sishuki, Nyamai.” Bati lililia alipoketi. “Wewe ulinioa kwa nyumba ya nyasi inavuja mpaka kwa uji, na baba yangu akanyamaza. Huyu kijana ameniinua akiwa amefunga macho. Ukuta inamwangukia, na amefunga macho! Unataka nthoni gani ingine? Sema ni mkwe wako, nishuke.”

“Mama Nthenya, hiyo ukuta inaanguka!”

“Basi sema haraka.”

“Mama,” Kyule akaingilia kwa upole, “hapo umekaa ndio juu ya hiyo ukuta. Na Musyimi bado ako chini.”

“Nimesikia,” akasema mama mkwe wangu, na hakusogea. “Nyamai, umesikia pia?”

Nilisimama katikati ya chumba, viatu vyake mkononi, vumbi likininyeshea kichwani. Nilimsikia Nthenya akisema, “Baba.” Nikamsikia mzee akisafisha koo, jinsi anavyofanya kanisani kabla ya kutoa hukumu. Akafungua mdomo.

Ukuta nao ukafungua wake.